Benchi la Nje ya Masjala

Maneno haya niliyasema Dodoma, mbele ya watunza kumbukumbu, makatibu mahsusi na wakuu wa idara waliokusanyika kwa mafunzo. Waliokosa nafasi wameniomba niwaandikie. Nayaweka kama yalivyotoka kinywani. Nimeacha tu picha zilizokuwa zikioneshwa ukutani.

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa idara, makatibu mahsusi, na ninyi watunza kumbukumbu ambao leo ndio wenye shughuli. Tangu asubuhi nimepewa shikamoo nyingi kuliko nilivyowahi kuitikia. Marahaba, wanangu. Marahaba nyote.

Nimeombwa nizungumzie ufanisi wa kutunza kumbukumbu kidijitali katika ofisi za serikali. Nitaizungumzia mitambo, msiwe na wasiwasi. Lakini naomba nianzie kwenye benchi.

Kila ofisi ya serikali ina benchi. Liko kwenye ukumbi mwembamba, karibu na mlango wa masjala, na limeng'aa kwa kukaliwa. Nani anakaa pale? Si mkurugenzi. Si mhasibu. Anayekaa pale ni mtu anayesubiri jalada lake lionekane.

Miaka mingi iliyopita, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, mama mmoja alikalia benchi letu kwa miezi kumi na minne. Alikuwa mjane wa mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe alifundisha katika wilaya nne tofauti, akafariki akiwa bado kazini. Mama alikuja kufuatilia mafao. Barua ya ajira ilikuwapo. Barua ya mwisho ya kupandishwa cheo ilikuwapo. Barua ya kuthibitishwa kazini haikuonekana. Na ninyi mnajua barua hiyo ina uzito gani. Bila hiyo, mtu aliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini anahesabiwa kama bado yuko kwenye majaribio.

Tukamwambia, mama, njoo Jumatatu. Akaja Jumatatu. Tukamwambia, mwenye ufunguo wa chumba cha majalada ya zamani yuko likizo, njoo mwisho wa mwezi. Akaja mwisho wa mwezi. Alikuwa anauza mahindi mabichi apate nauli ya basi, anafika saa nne asubuhi na vumbi la njiani, anakaa kwenye benchi, anaambiwa njoo Jumatatu. Mara mbili kati ya hizo, aliyemwambia ni mimi. Nasema hivyo mbele yenu kwa sababu bado inaniuma.

Barua ilipatikana wapi? Ilikuwa ndani ya chumba kile kile, rafu ya tatu, kwenye jalada la mwalimu mwingine mwenye jina la ukoo kama la marehemu. Aliyeifungia barua ile alisoma jina, hakuangalia cheki namba, ile namba ya utumishi ya kila mtumishi. Ilikuwa folio ya kumi na nne, yaani karatasi yenye namba kumi na nne, katika jalada la mtu mwingine, imetulia, haina hata doa.

Ndugu zangu, sikilizeni vizuri hapo. Barua haikupotea. Haikuliwa na mchwa, haikuungua, haikuibiwa. Iliyopotea ni njia ya kuifikia. Kwa hiyo mtu akiniuliza ufanisi wa kumbukumbu ni nini, mimi sihesabu kompyuta. Nahesabu safari za yule mama. Mfumo ambao ungemfanya aje mara moja na kuondoka na jibu ndio mfumo wenye ufanisi. Mfumo unaomfanya aje mara kumi na nne, hata uwe na skrini ya kioo cha kugusa, haujafika popote.

Sasa tuingie kwenye mitambo.

Wengi wenu mmeanza kutumia Mfumo wa Ofisi Mtandao uliotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Wengine mtaanza karibuni. Barua inaingia, inasajiliwa, inaskaniwa, inapewa jalada lake, inapelekwa kwa ofisa anayehusika, ofisa anaandika dokezo, mkuu wake anaongeza lake, na kila hatua inabaki na jina, tarehe na saa. Sisi wa zamani tulikuwa na kadi ya mwenendo wa jalada. Ukitoa jalada unaandika limekwenda kwa nani. Kadi hiyo ilikuwa nzuri kabisa, ila ilitegemea mtu akumbuke kuijaza. Jalada lilitoka masjala kwenda kwa ofisa wa ardhi, yeye akalisukuma kwa mwanasheria bila kuturudishia, mwanasheria akaenda nalo kikaoni, na kadi yetu bado inasema jalada liko kwa ofisa wa ardhi. Ndani ya mfumo, jalada haliwezi kuhama meza bila kuandika lenyewe kwamba limehama.

Kuna jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulielewa lakini ninyi mtalielewa. Jalada la karatasi lina mwili mmoja. Likiwa mezani kwa mkurugenzi na mkurugenzi yuko safarini, kazi imesimama. Watu watano wenye haja nalo wanasubiri ndege itue. Jalada la kidijitali linasomwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja Dodoma na mwingine Dar es Salaam. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, wengi wetu tulishuhudia malori ya majalada. Masanduku yamefungwa kamba, yamebandikwa karatasi, wengine wameandika kwa kalamu ya wino kisha mvua ikanyesha. Kwa muda mrefu baadaye ukiuliza jalada unaambiwa bado liko Dar. Ukiuliza Dar unaambiwa limeshakwenda Dodoma. Aliyeishi kipindi kile hahitaji kushawishiwa kuhusu faida ya mfumo.

Na kuna faida nyingine ambayo watu hupenda kuisema kwa kunong'ona. Mimi nitaisema kwa sauti. Kulikuwa na majalada yenye miguu. Mwananchi akija mikono mitupu, jalada halionekani. Akirudi na kitu kidogo, jalada linaonekana kabla hajakaa kwenye benchi. Mnacheka, lakini mnajua. Wapo wenzetu waliojenga nyumba kwa neno moja tu, "halionekani". Mfumo unaoonesha jalada liko kwa nani tangu lini unaua neno hilo. Basi usishangae ukiona mtu mwenye digrii mbili anasema mfumo ni mgumu, haueleweki, turudi kwenye karatasi. Muulize kwa upole: ni mgumu kwa nani?

Hayo ndiyo mazuri, na nayaamini. Lakini hamkuniita nije kusifia.

Ninaijua ofisi moja iliyonunua skana nne kubwa. Ikaajiri vijana wa muda. Agizo lilikuwa, skanini kila kilichomo masjala. Vijana wale walikuwa wachapakazi, wala sina neno nao. Waliskani kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa miezi kadhaa. Waliskani barua, waliskani nakala ya barua, waliskani nakala ya nakala. Waliskani bahasha. Waliskani kadi za mialiko ya harusi zilizokuwa zimefungwa ndani ya majalada. Na kila faili likapewa jina ambalo mashine ililipa yenyewe: skani moja, skani mbili, mpaka maelfu. Hakuna namba ya jalada, hakuna folio, hakuna tarehe ya barua, hakuna mada.

Siku ilipotakiwa barua moja ya mgogoro wa kiwanja, walikaa watu watatu mbele ya kompyuta wakifungua picha moja baada ya nyingine. Siku mbili. Mwishowe mzee mmoja wa masjala akainuka, akaingia chumbani, akalitoa jalada la karatasi kwa dakika chache kwa sababu yeye alikumbuka rafu.

Tujifunze nini hapo? Kwamba karatasi ni bora? Hapana. Tujifunze kwamba vurugu ukiipiga picha inabaki kuwa vurugu, na sasa unailipia umeme.

Kabla ya skana kuna kazi ambayo haipigiwi makofi. Kutenganisha kumbukumbu hai, zinazotumika kila siku, na kumbukumbu tuli, ambazo hazitumiki tena mara kwa mara. Kuwa na mpango wa majalada unaoeleweka, kila shughuli ya taasisi na namba yake. Kuchambua kipi kinabaki, kwa miaka mingapi, na kipi kinateketezwa kwa kufuata jedwali. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Namba 3 ya mwaka 2002 haikutuachia jambo hili tuamue kwa hisia. Kumbukumbu ya umma haiteketezwi kwa sababu chumba kimejaa au mkuu mpya anataka ofisi ya mikutano. Idhini inatoka kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mwenye kiberiti mfukoni akumbuke hilo. Mwenye kitufe cha kufuta akumbuke zaidi, maana kitufe hakitoi moshi wa kumshtua jirani.

Tazameni jirani zetu wa Kenya. Masjala ya ardhi ya Nairobi ilikuwa na sifa mbaya ya majalada kutoweka. Mwezi Mei 2014 waziri wa ardhi wa wakati huo, Charity Ngilu, aliifunga masjala ile kwa siku kadhaa ili majalada yahesabiwe na kupangwa. Kulikuwa na malalamiko mengi, kwa sababu biashara ya ardhi katika jiji kubwa vile ilisimama. Mfumo wao wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021, tena ukaanzia Nairobi peke yake. Kati ya kuhesabu majalada na kuzindua mfumo ilipita miaka karibu saba. Miaka saba! Na sisi tunataka mkandarasi amalize kabla ya mwaka wa fedha haujafungwa.

Mniruhusu niwaulize swali. Ni mfumo gani wa kidijitali wa serikali ambao kila Mtanzania anaujua, kuanzia mama lishe mpaka mkandarasi?

Nimesikia huko nyuma. Kontroo namba. Hasa!

Mfumo wa malipo ya serikali ulianza kutumika mwaka 2017. Kabla yake, malipo yalikwenda kwa stakabadhi za vitabu, kila taasisi na akaunti zake, kila mhasibu na droo yake. Leo ukitaka kulipia leseni, ada ya chuo au faini ya barabarani, unapewa namba moja, unalipa kwa simu ukiwa nyumbani, na fedha inajulikana ni ya nani, ya nini, ya lini. Watu wanadhani siri ya mafanikio yale ni simu. Mimi kwa jicho la masjala naona kitu kingine. Naona usajili. Kila malipo yana namba yake, namba haifanani na nyingine, na hakuna fedha inayoingia bila namba.

Sasa hiyo si kazi yetu kabisa? Huo si ndio usajili wa barua tuliofundishwa Chuo cha Utumishi wa Umma siku ya kwanza? Barua haiingii ofisini bila kusajiliwa. Barua haipandi kwa mkuu bila kuwa ndani ya jalada. Folio haiwekwi bila namba. Wenzetu wa fedha walichukua nidhamu ya masjala wakaiweka kwenye simu ya mwananchi, na nchi nzima ikawashangilia. Sisi wenye nidhamu yenyewe bado tunapokea barua kwa WhatsApp.

Ndiyo, nalisema hilo. Mkuu wa idara anapigiwa picha barua, anatumiwa kwenye simu yake, anajibu kwa simu yake, uamuzi umeshafanyika, na masjala haina habari. Miezi sita baadaye amehamishwa kituo, amebadilisha simu. Kumbukumbu ya serikali iko wapi? Iko kwenye simu aliyompa mdogo wake. Wakuu wa idara mliopo, nawaheshimu sana, lakini hili ni lenu. Tuna barua pepe za serikali. Tuna mfumo. Ukipokea jambo la kikazi kwa njia ya haraka, sawa, dharura zipo, ila siku hiyo hiyo liingie masjala lipate namba.

Na barua hizo za kwenye simu mara nyingi zina mambo ya watu. Cheti cha daktari cha mtumishi, shauri la nidhamu, hati ya mshahara. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jalada binafsi ni la mtu huyo na mwajiri wake. Halipigwi picha likawekwa kwenye kundi la watu arobaini. Nimeona kwa macho yangu shauri la binti mmoja likisambazwa hivyo. Aliacha kazi. Hakuna aliyeweza kukusanya tena zile picha.

Nije kwenye nenosiri.

Katika ofisi nyingine, nayo nitaiacha bila jina, mkuu wa kitengo alikuwa mtu wa safari nyingi. Akampa katibu mahsusi wake nenosiri lake la mfumo ili kazi zisikwame. Nia ilikuwa njema, wala simlaumu kwa hilo. Siku moja kukapitishwa malipo ya posho ya safari ambayo haikufanyika. Wakaguzi walipokuja, mfumo uliwaambia: aliyeidhinisha ni mkuu wa kitengo, tarehe fulani, saa tatu na dakika kumi usiku. Mkuu akasema mimi sikuwapo. Katibu akasema mimi sikubonyeza. Aliwahi kumtajia nenosiri mtu mwingine siku aliyokuwa anaumwa, na yule mwingine akakana. Katibu yule alisimamishwa kazi kwa muda mrefu wakati shauri linachunguzwa, na alikuwa na watoto wawili sekondari.

Makatibu mahsusi, nawaambia kama mama yenu: mkubwa akikupa nenosiri lake, mrudishie kwa heshima. Mwambie, mzee, mfumo unaruhusu umkaimishe mtu rasmi, nikaimishe kwa jina langu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeipa saini ya kielektroniki uzito mbele ya sheria. Zamani ungekubali mtu akuachie karatasi nyeupe aliyoisaini chini, uandike juu utakacho? Ungeogopa. Nenosiri la mkubwa ni karatasi hiyo hiyo.

Tena kuna tabia ya kuchapisha. Dokezo limeandikwa kwenye mfumo, mkuu anasema nichapishie nisome vizuri. Anaandika maoni yake kwa kalamu pembeni. Kisha karatasi inaskaniwa, inarudishwa kwenye mfumo. Ofisi ya namna hiyo ina kazi mara mbili na gharama mara mbili, na likitokea shauri, hakuna anayejua dokezo halali ni lipi. Mkuu ambaye macho yamechoka aongezewe ukubwa wa maandishi. Mafunzo ya wakubwa yafanyike faragha kama wanaona haya kuuliza mbele ya vijana. Nimewafundisha wakurugenzi wawili mlango ukiwa umefungwa, na sasa ni wepesi kuliko mimi.

Ndugu zangu, nataka tusimame kidogo kwenye mwaka 2017. Tarehe 28 Aprili mwaka huo, hapa hapa Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi. Waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Vyeti vile vilikaa wapi miaka yote? Vilikaa kwenye majalada yetu. Folio zilizopigwa mhuri. Tulivifungia humo wenyewe. Karatasi zilikuwapo, ila hazikuwahi kusemezana na rejista ya Baraza la Mitihani. Zilipokutanishwa, uongo wa miaka ishirini ukaanguka ndani ya miezi michache. Hiyo ndiyo nguvu ya kumbukumbu zinazosomana.

Lakini nguvu hiyo ina upande mwingine, na huu ndio unaonikosesha usingizi. Wapo waliotajwa kwenye orodha ile ambao vyeti vyao vilikuwa halali. Walikata rufaa, wakarudishwa. Mifumo inayosomana ni mikali sana juu ya majina. Mtu aitwaye Mwanaisha kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanaasha shuleni, Asha kazini, na kwenye kitambulisho cha taifa amewekewa jina la babu. Kwa binadamu wa mtaani huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu wanne, na mmoja kati yao huenda ni tapeli. Kijana anayeingiza taarifa akikosea herufi moja leo saa nane mchana akiwa na njaa, kuna mtu atakalia benchi kwa ajili ya herufi hiyo mwaka 2050, siku ya kustaafu kwake.

Kwa hiyo mnapoingiza taarifa msishindane kwa idadi. Msimamizi anayesifia kwamba kijana wangu ameingiza majalada mia mbili kwa siku, naomba amuulize: mangapi yamesomwa na jicho la pili? Mimi ningempa zawadi aliyeingiza arobaini yasiyo na kosa.

Jambo langu la mwisho ni umri.

Kule Dar es Salaam, chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kuna majalada ya utawala wa Wajerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, Wajerumani walifukia sehemu ya kumbukumbu zao ardhini zisiangukie mikononi mwa adui. Zikafukuliwa baadaye. Zimeonja udongo wa nchi hii. Na bado zinasomeka. Mwaka 1997 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Na wenzetu wa Zanzibar wana maandiko ya Kiarabu yaliyoingizwa kwenye orodha hiyo hiyo mwaka 2003. Nimewahi kuligusa jalada la Kijerumani. Wino umefifia rangi ya chai, lakini kila herufi ipo.

Sasa niwaambie la kwangu. Mwishoni mwa miaka ya tisini tulihifadhi orodha ya majalada yetu yote kwenye disketi. Tulijivunia sana. Disketi kumi na mbili ndani ya kisanduku cha plastiki, tukazifungia kwenye kabati la chuma. Baada ya miaka kama kumi tulizihitaji. Kompyuta mpya hazikuwa na tundu la disketi. Tukatafuta ya zamani, ikapatikana, disketi tano zikagoma. Mbili zikafunguka lakini programu iliyoziandika haikuwapo tena, zikatuonesha alama zisizo na maana. Jalada la Mjerumani lililolala udongoni lilituvuka kwa zaidi ya miaka sabini.

Je, nasema turudi kwenye wino? Sisemi hivyo. Nasema karatasi hujitunza yenyewe kidogo hata ukiisahau. Kumbukumbu ya kidijitali haijitunzi hata mwaka mmoja. Inataka mtu wa kuiangalia kila siku: nakala zaidi ya moja, tena mahali tofauti, maana nakala iliyo chumba kimoja na seva huungua pamoja na seva. Inataka kuhamishwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya kabla ule wa zamani haujafa. Inataka bajeti kila mwaka, siyo mwaka wa uzinduzi tu. Sheria yetu inasema kumbukumbu ya umma ikifikisha miaka 30 mwananchi aweze kuifungua na kuisoma. Jiulizeni, dokezo mliloandika kwenye mfumo wiki iliyopita, mjukuu wenu ataweza kulifungua miaka thelathini ijayo? Mkipokea mfumo kutoka kwa mkandarasi yeyote, muulizeni swali hilo kabla ya kumsainia. Muulizeni: siku ukiondoka, kumbukumbu zetu tunatoka nazo vipi? Akijiuma, msisaini.

Na mtunza kumbukumbu awepo mezani siku hiyo. Nimechoka kuona mifumo ya majalada ikinunuliwa na kamati ya fundi wa kompyuta, ofisa manunuzi na mhasibu, halafu masjala inaitwa siku ya mafunzo. Wakurugenzi, mnatusikia? Mtu anayejua kwa nini folio ya kumi na nne haiwezi kuwa kwenye jalada la mtu mwingine, huyo ndiye wa kumuita kwanza.

Nina ombi moja la vitendo. Jumatatu mkirudi vituoni, kabla hamjafungua kompyuta, tokeni nje mhesabu waliokaa kwenye benchi. Mwulizeni kila mmoja, mama, baba, hii ni mara ya ngapi unakuja kwa jambo hili? Andikeni namba. Msiipambe. Fanyeni hivyo kila Jumatatu kwa mwezi mmoja, kisha mpelekeeni mkurugenzi karatasi hiyo pamoja na maombi yenu ya skana.

Yule mjane alipata mafao yake. Siku niliyomkabidhi nakala ya barua, hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliisoma pole pole, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye fundo la khanga. Kisha akaniuliza kama mwalimu yule mwingine, mwenye jalada ilimokutwa, naye barua yake ipo. Tulikwenda tukaangalia. Haikuwapo. Tuliikuta kwenye jalada la marehemu mumewe.

Nimeona mkono wa dada pale nyuma umeinuka tangu nilipotaja nenosiri. Mpeni kipaza sauti, tuanze na lake.